Udongo wa Gervas

Chang'ombe, Dodoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limetulia, au baridi ya huko bado inalisumbua? Sisi wawili tu wazima. Wifi Skola amepasuka midomo kwa upepo wa huku, nami miguu imevimba, lakini hayo yasikutie wasiwasi. Ninaandika ingawa simu ninayo, kwa sababu kwenye simu ukinyamaza nitashindwa kumaliza. Dereva wa lori linaloshuka Songea amekubali kuibeba barua hii.

Safari ilikuwa ya kubana, kama tulivyopanga. Mabegi mgongoni, lifti za malori, na kulala kwenye kumbi za parokia. Kutoka Iringa hadi Mtera tulikaa juu ya magunia ya vitunguu, Skola akamwambia dereva kwamba tukifika tutakuwa tumeiva, bado chumvi tu. Akacheka mwenyewe, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. Tangu mumewe, kaka Gervas, afe yuko hivyo. Akicheka, hujikamata kama mtu aliyekutwa anaiba.

Kijiji alichofanya kazi Gervas ni mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Zuzu, kwenye mashamba ya zabibu. Walitupokea vizuri, wakatupa ugali wa uwele na mlenda. Mama aliyekuwa akiwapikia vibarua alisema kaka yangu alikuwa haondoki jikoni mpaka apewe ukoko. Kumbe hata huku, mama.

Kisha mwenzake wa shambani akatupeleka makaburini. Hakuna misalaba, maana mchwa huimaliza kabla ya mwaka kwisha. Kuna mawe tu. Akatuonyesha kaburi lenye mawe meupe. Skola akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono yake, tukaufunga kwenye kitenge chake. Jioni ile ndipo nilipokupigia nikasema tumempata, nikakusikia ukiwaita majirani.

Mama, haikuwa kweli, ingawa wakati ule sikujua.

Kesho yake tulikuwa Zuzu tukisubiri lori, tukakutana na mzee Lameki, yule aliyechimba kaburi la Gervas. Alitupa pole, akauliza tumechota wapi. Skola alipomweleza, mzee akavua kofia.

“Hilo la mawe meupe ni la mtoto wa Mama Yoeli,” alisema. “Ndugu yenu yuko ubavuni mwake.”

Skola akanivuta kando. “Wifi, twende nyumbani. Mama hatajua. Mimi yule nimeshamlilia, siwezi kuanza upya.”

Sikumlaumu. Lakini nilikumbuka ulivyokuwa ukitusimulia habari za babu aliyefia kwenye mkonge huko Tanga, na jinsi bibi alivyopata usingizi siku udongo wake ulipofika na kuzikwa nyumbani. Nikamwambia Skola kwamba mama aliye kule nyumbani tunaweza kumdanganya, lakini huku kuna mama tuliyemwibia. Alibeba begi lake, tukarudi kwa miguu, yeye mbele.

Mama Yoeli tulimkuta anapepeta uwele. Yoeli ndiye huyo mtoto, alikufa kwa homa akiwa na miaka saba, na watu bado wanamwita mama yake kwa jina hilo. Tukamweleza yote, tukaweka kitenge miguuni pake. Nilijua atatufukuza. Yeye alikifungua, akaugusa udongo, akakifunga tena. Akatuambia kwamba mvua za mwaka jana zilipita juu ya makaburi na kuyahamisha mawe. Mzee Lameki alikuwa ameshahamia Zuzu, hakuyaona. Mama Yoeli ndiye aliyeyapanga upya, kwa kukisia.

“Hata mimi sijui yupi ni wangu,” alisema. “Nafagia yote mawili. Nikifika nawaambia wote, mama yupo.”

Skola akakaa chini palepale akalia, na kwa mara ya kwanza hakutazama nani anamwona. Mama Yoeli alimwacha amalize. Kisha akatuongoza makaburini, akachota gao moja la mkono huku na gao moja kule, akachanganya kitengeni. “Mpelekeeni mwenzangu,” alisema. “Akiukataa mnirudishie. Msiumwage njiani.”

Huo ndio nilio nao begini, mama. Ni Gervas pamoja na mtoto wa watu, na hakuna anayeweza kuwatenganisha. Najua katekista ameshatangaza kanisani na shimo liko tayari karibu na baba. Ukiweza kuwapokea wote wawili, tutashuka. Usipoweza, tutaurudisha kwa mwenyewe, na si mimi wala Skola atakayenung'unika. Tuko hapa kwa binamu wa Skola anayeshona sare za shule, na hatuondoki mpaka utupigie. Skola anaomba jambo moja tu, kwamba ukikubali, kwenye sala katekista ataje na jina la Yoeli.

Nisalimie shangazi anayetulelea watoto, na jirani yetu wa kwaya aliyetupa mablanketi. Msalimie na baba mdogo aliyechimba shimo. Mwambie asilifukie kwanza, asubiri neno lako.

Ni mimi mwanao,
Anjela