Feni ya Nyasi Katika Chumba cha Upasuaji

Dada Naziran mpendwa,

Salaam aleikum. Mimi ni mzima, ila joto la huku mjini linatukaanga kama bajia. Natumai hujambo, bibi harusi, na Mama anakula vizuri. Yule mbuzi wako mwenye maringo kama mwenyewe naye msalimie.

Najua umekasirika. Binamu amenifikishia maneno yote uliyosema Mama aliporudishwa getini na mtoto wa jicho wake vilevile, na harusi yako imebaki wiki mbili. Umesema hospitali yetu ya macho imejaa matapeli, na mimi, fundi wa baridi ninayejigamba kila barua, nilikuwa nimelala wapi? Sikiliza basi.

Kiyoyozi cha chumba cha upasuaji kiliharibika. Daktari Abro akawa anafanya kazi jasho linamtiririka. Nani akamwokoa? Ndugu yako! Nilifunga dirishani feni kubwa ya maji, kama ile tunayolala mbele yake nyumbani, nikaishindilia ubavuni nyasi za khas, zile za mizizi inayonukia, nilizolowesha mwenyewe. Chumba kikanukia mvua ya kwanza. Daktari akaniita Nawabu, akasema hata wafalme hawakupata upepo huu. Nikatembea kifua mbele, we acha tu.

Kisha Nesi Khursheed akaacha wazi mle ndani visahani vyake vya kupimia hewa. Baada ya siku chache vikaota manyoya ya kijani, kama mkate uliosahauliwa. Akasema kuvu hiyo inarushwa na feni, na ikiingia kwenye jicho lililopasuliwa, jicho hilo ndiyo basi tena. Daktari akamcheka, akasema yeye kalelewa mbele ya feni kama hiyo na macho yake yote mawili anayo. Mimi nikacheka kumzidi. Nikamwambia Nesi nyasi zangu ni safi kuliko sufuria zake, nikaenda kufungua ubavu wa feni nimuaibishe.

Dada, nyuma ya nyasi palikuwa peusi, panateleza. Nilipozitikisa, likaruka vumbi.

Ilikuwa asubuhi ya Mama kupasuliwa, naye wa kwanza kwenye foleni.

Aliyefunga chumba ni mimi. Nilizibeba zile nyasi nikazibwaga mezani kwa daktari, mbele ya wagonjwa. Akavua glavu zake. Sasa hapasuliwi mtu mpaka kiyoyozi kipone na hewa ipimwe upya, yaani baada ya harusi yako. Wagonjwa walinitukana hadi ukoo. Wenzangu wananiita Nawabu wa Kuvu, na chai wanakunywa bila kuniita. Hata Nesi amehamishiwa wodi nyingine. Sina wa kutaniana naye.

Mama aliniulizia getini. Nilimsikia. Nilikuwa nimejificha juu ya paa, kwa sababu angenibembeleza nimsemee kwa daktari, na mimi ningekubali.

Siku ya harusi msogelee Mama, akushike uso kwa mikono yake, maana kwa macho hatakuona. Halafu wewe ndiye umwambie ni nani aliyesababisha arudishwe getini. Mimi nimeshindwa.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na shemeji mtarajiwa mpe pole kwa kukuoa.

Ndugu yako,
Bakhshal