Filimbi Iliyolia Mchombe

Mpendwa mwanangu Sesi,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba mama. Nilipotaka kukuuliza habari za ile mechi ya Mchombe ukaniwahi, "Mama, tuongee mengine," tukaishia kuongea baridi ya Dodoma na masweta. Sawa. Simu ina mahali pa kukatia, barua haina. Ndiyo maana nimekaa barazani hapa Lipangalala, mimi wa darasa la saba, nakuandikia. Na nimeamua barua hii aisome yeyote anayetaka, kwa sababu waliokutukana hawakukutukana chumbani.

Kwanza nijisifu kidogo, unanijua. Katika mama wote wa Ifakara, nani mwingine amezaa refa wa kike? Wapo waliozaa manesi, wapo waliozaa walimu, Mungu awabariki. Mimi nimezaa mtu anayesimama katikati ya wanaume ishirini na mbili, akipuliza wanatulia. Siku ya mechi yako ya kwanza ulikuja na jezi nyeusi ya kuazima, imekumeza kama kanzu. Nikaipunguza mabegani, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka ikanyooka, ukasema, "Mama, inatosha, itaungua." Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilisimama pale nje ya kanisa mpaka kila mtu akajua. Padri mwenyewe alinipita akicheka, "Mama Refa, tumeshasikia." Tangu hapo ndilo jina langu mjini.

Lakini urefa hukuuanzia uwanjani, na hilo watu hawalijui. Uliuanzia kwenye dungu letu la kulindia mpunga kule Mchombe, ulipokuwa huwezi hata kupanda bila kusukumwa. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wanakuja kama wingu, na sisi tunakaa juu kuamia, kuwafukuza. Wenzako walipiga debe, wewe ulitaka filimbi. Nikakununulia ile nyekundu ya plastiki. Siku moja ukapuliza kwa nguvu, mimi nikainua macho, angani hakuna kitu. Nikakuuliza, "Unampulizia nani? Mbona sioni ndege?" Ukanijibu bila kunitazama, "Huwaoni kwa sababu nimepuliza."

Nilicheka mpaka nikashikilia nguzo. Nimelikumbuka sana jibu hilo mwaka huu.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe. Nilikuwepo, nimekaa kwenye nyasi nyuma ya goli la wageni, na Mama Kizito ubavuni kwangu. Tumekaa hivyo miaka yote, shambani na uwanjani. Unajua sisi tunavunana kwa zamu: leo wote kwangu, kesho wote kwake, hakuna anayebaki nyuma. Mwanawe Kizito ndiye mshambuliaji wa Mchombe, wewe ndiye refa, na wageni wametoka huku kwetu mjini. Nikamwambia, "Leo tumekuja kuangalia watoto wetu." Akasema, "Wangu anafunga, wako ahesabu tu."

Mechi imekaribia kwisha, hakuna bao. Kizito akapata mpira, akamzunguka mtu. Filimbi ikalia. Mabeki wakasimama, mmoja hata akageuka kukutazama, mikono kiunoni. Kizito hakusimama. Akapiga, nyavu zikatikisika, Mama Kizito karuka kaniangukia mapajani. Tulipoinuka tukaona umelikataa bao. Ukauchukua mpira, ukaenda kuudondosha mbele ya wachezaji, mchezo ukaendelea. Mkafika penalti, Mchombe wakatolewa. Ukaondolewa uwanjani kwa bodaboda, vumbi nyuma yako na matusi nyuma ya vumbi.

Usiku nilisubiri, nikijua utaeleza. Hukueleza. Nilipokuuliza ulisema maneno ambayo bado nayatafuna: "Mama, refa hajibu watu. Ripoti imekwenda kwa kamisaa wa mechi. Nikianza kujibu leo, kesho nitakuwa natafuta jibu zuri badala ya kuangalia mpira."

Nimelipindua neno hilo huku na huku, mwanangu, na nakubali lina uzito. Ningekuwa mimi, na watu wote wale wananitaka niseme, ningesema chochote ili wanyamaze. Lakini na mimi nina langu. Wewe umekwenda kozi huko Dodoma, mimi nimebaki sokoni. Vijana wa bodaboda wakiniona tu, "Oya, Mama Refa! Binti kalamba ngapi?" Nami siwaachi hivi hivi. Nikawaambia mwanangu hali cha mtu, hata pilau ya harusi anauliza kwanza nani kapika. Wakacheka, nikacheka. Ila nikifika nyumbani najiuliza: nimemtetea kwa kitu gani? Mimi sijui alichokiona. Namtetea kwa sababu nimemzaa, basi. Na Mama Kizito naye anamtetea wake kwa sababu hiyohiyo. Sasa atasema nani?

Udadisi ukanizidi. Nikamwendea mwalimu anayefundisha timu ya shule. Akanieleza vizuri: kama mtu wa nje kapuliza filimbi ikawachanganya wachezaji, refa anasimamisha, anadondosha mpira. Nikashangilia moyoni. Halafu akaongeza, "Na kama refa mwenyewe kapuliza kwa bahati mbaya, vilevile anadondosha mpira." Nikamwambia, "Mwalimu, hujanisaidia hata kidogo."

Nikaenda Mchombe kwenye mpunga unaopakana na uwanja. Ni shamba la Bibi Nkwimba, yule Msukuma mrefu, aliyechelewa kupanda na bado anaamia mpaka sasa. Nikamkuta juu ya dungu, filimbi shingoni kama wewe. Nikamuuliza, siku ile ya mechi ulipuliza?

"Mwanangu, mimi napuliza kila siku."

"Saa ile watu walipopiga kelele za goli?"

"Kelele zilinisaidia, ndege waliondoka wote. Tena waambie waje wacheze kila jioni."

Umeona? Hata yeye hajui. Filimbi yake na yako zinalia sawa, na mlio ukitoka shambani unagonga ukuta wa shule nyuma ya goli unarudi uwanjani. Anayejua kama filimbi iliyolia ilikuwa mdomoni mwake au haikuwa ni mtu mmoja, na mtu huyo yuko Dodoma anavaa masweta.

Wakati huo Mama Kizito alikuwa hajanisalimia tangu mechi. Zamu yangu ya kuvuna ilipofika hakuja. Nilivuna peke yangu, nikawa nageuka kumwambia kitu, nakuta mpunga. Mwanangu, si mgongo ulioniuma siku ile. Yule ndiye aliyekukata kitovu, kabla gari la hospitali halijafika. Nikasema, hapana, ilipofika zamu yake nikachukua mundu wangu nikaenda. Sikubisha hodi. Nikaingia kwenye mstari wa pembeni yake, nikaanza kukata. Hakunifukuza. Hakuniongelesha pia. Tulikwenda hivyo, yeye mstari wake, mimi mstari wangu, mpaka jua likawa kali.

Halafu filimbi ikalia.

Sesi, tulisimama wote wawili, mundu hewani. Na wote wawili tukageukia uwanjani. Si kwenye dungu, uwanjani! Tumetazama nini? Mbuzi wawili na goli tupu. Huku nyuma yetu Bibi Nkwimba yuko juu ya dungu lake, anapuliza, mashavu yamejaa. Mama Kizito akanitazama, mimi nikamtazama. Akaanza kucheka yeye, sina hakika, labda mimi. Tulikaa chini palepale kwenye mabua.

Alipopata pumzi akasema, "Na mabeki waligeuka hivihivi."

Nikamwambia, "Waligeuka hivihivi."

"Kizito yeye hakugeuka."

"Kizito tangu mdogo hasikii, ulikuwa unamwita kula mara saba."

"Usimtukane mwanangu." Lakini alikuwa anacheka. Kisha akawa anachambua punje kwenye kiganja. "Mama Sesi, silii goli. Mtoto amelala hali chakula, ameitwa mzembe na wenzake, wengine wanasema eti alisikia akajifanya hakusikia. Angesema tu mwanao. Neno moja. 'Ilikuwa ya ndege.' Au 'nilikosea.' Lolote. Wangeacha kumtukana wangu, na wa kwako pia."

Nikampa lile jibu lako la kamisaa. Akalisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo kamisaa analima wapi?"

Nimekubebea swali hilo. Ndiyo nakuuliza wewe, uliyekwenda kozi. Simaanishi refa asimamishwe katikati ya uwanja azomewe kila anapopuliza. Hapana, nani basi atakubali kazi hiyo? Ningekuficha chini ya kitanda. Nauliza tu: baada ya siku kupita na watu kupoa, kuna ubaya gani refa akija akakaa, akasema niliona hivi, nikasikia vile, nikaamua hivi? Anayetaka kuuliza aulize kwa adabu. Au mkilifungua hilo, mlango haufungiki tena? Nataka kujua kweli. Labda kuna kitu mnakiona kule juu ya dungu ambacho sisi huku chini hatukioni, kwa sababu mmeshapuliza.

Ukipata likizo, njoo. Mchele mpya umeanikwa, kambare nimeshamwagiza kwa watu wa Kivukoni, na Kizito ameambiwa utakuja. Mama Kizito anasema hatakuzomea, anataka kusikia kwa mdomo wako tu. Mimi sitakusemea safari hii. Nitapika, nitakaa kimya, na unajua kwangu lipi kati ya hayo ndilo gumu.

Kama ilikuwa filimbi ya ndege, nitajisifu mpaka Mlimba wanisikie. Kama ilikuwa ya kwako, iliponyoka tu mdomoni, nitajisifu hivyohivyo, kwamba nimezaa refa aliyekaa mbele ya mama wa mfungaji akasema, "Ilikuwa yangu." Mimi kujisifu siachi. Nimechoka tu kujisifu bila kujua.

Dodoma kuna upepo, funga kifua.

Ni mimi mama yako uliyeniambia sioni ndege,
Mama Sesi, Lipangalala