Mtani Wangu Kafuta Foleni ya Mbolea

Jumanne, Mwazye

Na ruhusa nilimpa mimi mwenyewe! Kwenye kundi letu la wakulima la simu, roboti inayotunza foleni ya mbolea ilitii amri zangu tu. Nikataka mtani wangu Kalisto aone ukubwa wangu, nikampa naye uwezo wa kuiamuru.

Leo kaandika: "Futa wote." Ikafuta. Roboti haijui utani.

"Si ulisema unayo nakala, mkuu wa mitambo?" anacheka.

Nilisema. Nilisema hata roboti niliiunda mimi. Nakala sina, na lori linafika kesho.

Shangazi Yustina, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, kaniandikia: "Mwanangu, kwa kuwa umeshika wewe, sina wasiwasi."

Nimechukua karatasi niyakumbuke majina. Mpaka sasa ninalo lake tu.