Zaina Asipelekwe Maulidini

Mafinga

Mama Zaina, mke wangu,

Assalaam alaikum. Huko Mazingara mnaendeleaje, na goti la mama limepata nafuu? Mimi mwili hauna neno, ila baridi ya huku inanikomesha. Nalala na sweta na soksi, na kiwandani vumbi la mbao limenipa kikohozi. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu naona haya, na haya ninayotaka kukwambia nisingeyamaliza huku nikikusikia unapumua.

Nimehamia kwa mama mmoja mjane, anaishi na binti yake Neema, mtu mzima. Juzi mvua kubwa ilipiga bati, Neema akaziba masikio, akaingia chini ya meza analia. Nikangoja mama yake amkaripie. Wapi, alimfunika kitenge kizito akakaa naye kimya mpaka mvua ikapungua. Nilipouliza, akasema Neema ana usonji. Masikio yake ni mazima, ila sauti zote zinamwingia kwa pamoja na kwa nguvu: mvua, redio, kijiko, na mtu anayemwita. Ukimwita akiwa amekupa mgongo haitiki. Ukimfuata mbele, ukasema maneno mawili ukasubiri, anajibu.

Nikamwona Zaina wetu. Nimemchapa mara ngapi kwa kuitwa asiseme "abee"? Halafu yale maulidi ya kwa kaka yangu. Vipaza sauti viwili, matari, wazee wamejaa jamvini, na mtoto wa miaka saba kaziba masikio wakati wa kumswalia Mtume. Niliona ananivua nguo mbele za watu. Nikamshika mikono, nikaikandamiza mapajani mpaka dua. Akaniambia, "Baba, inaniuma," nami nikazidi kumbana. Aliponing'ata, niliwaambia wazee kwamba ni wewe umemdekeza, na kwamba kwenu Bungu hawajui kulea. Ulikuwa unapakua pilau, ulisikia kila neno.

Nilimsimulia mwenye nyumba nikidhani atanipoza. Akasema, "Mwanangu, yule hakukudharau. Alikuwa anaumia." Nilirudi chumbani kwangu nikalia, mke wangu, na sijui nalia kwa ajili ya nani.

Wiki iliyopita nilikwambia kwa simu umpeleke tena maulidi ya mwezi huu, akae mbele, azoee. Usimpeleke. Abaki nyumbani na mtu anayempenda. Muulize pia mwalimu wake, Handeni au Korogwe shule ipi ina walimu wa watoto kama yeye.

Kaka atasema unakaidi amri yangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe, mbele ya wazee wale wale. Niliwaambia uongo. Mtoto hakuharibiwa na mama yake, aliteswa na baba yake. Najua watanicheka, na wengine watasema mke kanikalia. Waache.

Msalimie mama yangu, mwambie shikamoo. Shemeji yako mdogo asisahau palizi. Mama mkwe mpe shikamoo, ila radhi yake nitakuja kuiomba kwa mdomo wangu. Zaina usimlazimishe kupokea salamu zangu.

Hapa chini nimeandika jina langu lote na kuweka dole gumba, ili mtu asije akasema barua hii umeitunga wewe.

Mumeo,
Rajabu Athumani Mhina