Mtoto wa Kike, Miezi Minane

Jumanne, 9 Septemba 2025

Salha amekuja tena kliniki. Amepanga foleni na kina mama wenzake, leso kaifunga begani kama aliyebeba mtoto. Ndani hamna kitu. Zamu yake ilipofika akaniuliza lile lile: mwanangu Jalila alikufa kwa maradhi gani? Mama mkwe asema ni yeye aliyemchelewesha hospitali. Mumewe kamrudisha kwao Junda.

Nimonia, nikamwambia.

“Na wenzake wenye nimonia, mbona wamepona?”

Alhamisi, 11 Septemba

Nakisikia kile kifua cha Jalila kikikoroma. Hata birika likichemka.

Jumamosi, 13 Septemba

Mkutano wa chama cha madaktari wa watoto, Pwani. Desturi yao: daktari aliyefiwa na mtoto wodini husimama akaeleza, bila kutaja jina. Nikasimama. Mtoto wa kike, miezi minane, alipewa oksijeni, hakupata nafuu. Wodini tulisema amecheleweshwa.

Kisha Dkt. Agneta wa Likoni akauliza mashine yetu ya oksijeni ni ya aina gani. Yeye kapoteza wawili kwa aina hiyo hiyo. Dkt. Kioko, mmoja. Walishaipima: yanguruma, taa ya kijani yawaka, na inachotoa ni hewa ya kawaida tu.

Peke yangu nisingejua kamwe. Chama kinaandika barua leo leo, mashine hizo zizimwe Pwani nzima.

Na wazazi? nikauliza. Mwenyekiti, Dkt. Mansur, akanijibu taratibu: ya humu hayatoki, mwanangu. Agneta hakuwa mpole — leo umesema lako nami nikasema langu. Ukiyapeleka nje, nani atathubutu tena? Hapo watoto watakufa na sisi tumenyamaza.

Kweli tupu. Ndiyo maana sijala.

Jumanne, 16 Septemba

Leo Salha kaja na mama mkwe. Nimemwamkia bi mkubwa shikamoo. Marahaba yake ikatoka nusu. “Daktari, mwambie huyu. Mwambie wewe kwamba alimchelewesha mtoto, aache kutuaibisha.” Salha anatazama sakafu.

Nimewaomba wangoje nje, wagonjwa waishe. Wameisha. Nimempigia Dkt. Mansur. Kumbuka tulivyokubaliana, akasema. Nakumbuka, nikamwambia, nikakata.

Nje bi mkubwa anamwuliza nesi: huyu daktari kajifungia anaswali?

Nesi amebisha. Aingie nani kwanza? Wote wawili, nimemwambia. Na mume, kama yuko karibu, apigiwe simu aje, asikie naye —