Meno Membamba ya Mashine ya Kupandia

Mdogo wangu Komora,

Hili sijamwambia mtu: siku ya kupanda nilimdanganya Babu. Lakini kwanza pokea salamu za Golbanti. Sote wazima, na Mama anauliza kama shuka limekufika.

Unauliza mahindi yaliotaje bila shamba kulimwa. Babu, ambaye macho yake hayaoni vizuri siku hizi, aliniagiza nifunge kwenye mashine meno mapana ya kuchana udongo. Mimi nikakumbuka kijiti cha Bibi cha kupandia, chembamba kama kidole. Mafuriko ya mto yakishapungua, tundu dogo ndilo hutunza unyevu. Niliogopa kubishana, nikafunga membamba kimyakimya.

Dereva wa trekta akaniuliza, "We, mzee amekubali?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mbegu yetu yote ilikuwa ndani.

Siku sita nilikwenda shambani kila alfajiri kuchungulia. Ya saba nikaona mistari ya kijani shamba zima, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Sasa Babu anawatambia majirani: "Meno mapana, niliwaambia!" Kesho mashine inakwenda kwao, na yale membamba nimeyakaza mwenyewe. Tafadhali, usimwambie mtu.

Dada yako,
Mariamu