Jiko Libaki Barazani

Kaka Tamirat,

Mkate wa injera umo kapuni. Jiko la mkaa ~~nimelitupa~~ liko barazani, na libaki huko hata inyeshe mvua ya mawe.

Asubuhi Bibi aliliingiza ndani akaange buni, akafunga mlango, eti wageni wa kahawa hawakalishwi uani kama kuku. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Kwenye kikombe cha pili akaanguka juu ya majani tuliyotandika sakafuni kwa ajili ya kahawa. Nikamburuta nje. Kuzinduka tu: "Cha tatu, cha baraka, bado!"

Nampeleka zahanati, bajaji inapiga honi. Magazeti uliyozibia dirisha baridi isiingie yabandue, fundi wangu.

Akirudi atakidai hicho cha tatu. Mpikie wewe, barazani, umshikie mwavuli.

Kitindamimba wenu